Kijito kimoja, mafaili mawili

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, umeme ndiyo kwanza umerudi na printa inakohoa. Nilikuwa nachapa andiko la kuomba fedha la kikundi cha akina mama. Kurasa tisa zilitoka salama, ya kumi ikakwama. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikaivuta kwa vidole, ikatoka imekunjamana na wino umeishia nusu. Nikaisoma ili nijue imeishia wapi.

"...ambapo shughuli za uchimbaji zinafanyika umbali wa mita 10 tu kutoka kwenye chanzo cha maji, hali inayohatarisha maisha ya wananchi na kuongeza makali ya mabadiliko ya tabianchi."

Sentensi hiyo nimeiandika mimi. Jina la kijito kilichotajwa juu yake nimeliandika mimi pia. Na hapo, karatasi ikiwa bado mkononi, nikakumbuka kwamba jina hilo nililiandika siku nne nyuma, kwenye kompyuta hiyohiyo, kwa mteja mwingine aliyekuwa anahangaikia leseni yake ya uchimbaji mdogo. Kule niliandika hivi: "Eneo la kuchenjulia lipo umbali wa zaidi ya mita 60 kutoka chanzo chochote cha maji, hivyo hakuna athari inayotarajiwa."

Kijito ni kilekile. Mwalo, yaani mahali pa kuoshea mawe ya dhahabu yaliyosagwa, ni uleule.

Nikaweka karatasi mpya, nikachapa ukurasa wa kumi upya, nikapiga pini, nikapokea hela yangu na kumtakia mama wa watu safari njema.

Ziwa Victoria la Chunya

Mwenye steshenari katika mji wa dhahabu kama huu wetu wa Chunya, mkoani Mbeya, hauzi karatasi. Anauza maneno. Watu wanakuja kwangu na shida zao mdomoni, wanaondoka nazo zikiwa na vichwa vya habari na nafasi ya mhuri: barua ya kazi, mkataba wa kiwanja, muhtasari wa kikao cha kikundi ambacho hakijawahi kukaa. Mchimbaji naye anakuja na lake, Mpango wa Hifadhi ya Mazingira.

Mgodi mkubwa una njia yake ndefu ya tathmini: wataalamu waliosajiliwa, mikutano na wanakijiji, ripoti nene kama msahafu, mpaka cheti. Mwenye leseni ndogo hadaiwi yote hayo. Leseni yake ni ya Mtanzania, ya miaka 7, na kwa dhahabu eneo lake halizidi hekta 10. Anachotakiwa ni kueleza kifusi atakiweka wapi, maji atayatoa wapi, zebaki ataitunzaje, mashimo atayafukia vipi. Sina ugomvi na utaratibu huo. Ukimdai mtu mwenye duara moja, yaani shimo la kuchimbia, na mota moja ya kuvutia maji tathmini ya mamilioni, atachimba usiku bila leseni na hutamwona tena ofisini.

Ila yatazame hayo maswali. Ni maswali ya mtu aliyekwenda kuangalia.

Mimi siendi kuangalia. Mimi nina kiolezo.

Kiolezo nilipewa kwenye flashi na jamaa aliyewahi kufanya kazi Geita. Nabadilisha jina, namba ya leseni, kijiji na kata; dakika 20, shilingi 30,000. Siku ile ya printa, mama alipoondoka, nilikifungua nikakisoma mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze kukiuza. Ukurasa wa sita kinasema kwamba maji ya mvua kutoka eneo la mradi yanatiririka kuelekea Ziwa Victoria.

Ziwa Victoria!

Vijito vya huku vinaingia mto Lupa, na Lupa unateremka Ziwa Rukwa. Hata mtoto anayechunga mbuzi Makongolosi anajua. Nikahesabu mafaili kwenye foda: 41. Wachimbaji 41 wa Chunya wenye maji yanayopanda milima kwenda Mwanza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kwangu kusema, "Bwana, umekosea ziwa." Hawakuona wao waliosaini, sikuona mimi niliyechapa.

Nilicheka peke yangu mpaka muuza chipsi wa jirani akachungulia. Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu hayo maziwa mawili hayafanani. Victoria lina Nile inayotoka. Rukwa halina mto unaotoka. Kinachoingia Rukwa kinakaa Rukwa.

Andiko linataka kidonda

Mwenyekiti wa kikundi nitamwita Mama Tumaini. Kwao ni Tukuyu, ameolewa huku miaka mingi, na bado anashangaa jua la Chunya kana kwamba alifika jana. Alikuja na daftari la mahudhurio la akina mama 22 na tangazo la shirika moja lililokuwa linapokea maandiko ya fedha ndogo za kuhimili mabadiliko ya tabianchi.

"Mwanangu, tuandikie vizuri," aliniambia. "Waone huruma."

Wanataka miche ya kupanda kandokando ya kijito, mizinga ya nyuki, na kisima kimoja. Nikamuuliza machimbo yako umbali gani kutoka kwenye maji. Akanyoosha mkono kuelekea ukutani, "Karibukaribu tu pale."

Nikaandika mita 10.

Hakuna aliyenituma. Ni ufundi wa kazi. Nimeandika maandiko ya kutosha kujua kwamba lisiloonyesha kidonda halipati dawa, kwa hiyo kidonda huwa nakikuna kidogo kivuje. Ufundi ni uleule ninaoutumia kwenye mpango wa mchimbaji, isipokuwa kule kidonda nakifunika.

Usiku huo nikawa nafikiria safari ya hizo fedha. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi kule Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kwamba ifikapo 2020 zitakuwa zinatoa dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi zinazoendelea. Zilifikia kiwango hicho 2022, miaka miwili baada ya tarehe waliyojiwekea wenyewe. Kwenye mkutano wa Baku, mwaka 2024, wakataja bilioni 300 kila mwaka ifikapo 2035. Hapa nyumbani benki ya CRDB ilipata ithibati, yaani idhini ya kupitisha fedha, ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2019, na 2021 ukaidhinishwa mpango wa dola milioni 200 kwa ajili ya kilimo, nusu kutoka mfuko huo na nusu kutoka benki yenyewe. Ni hela. Lakini akina mama 22 hawawezi kwenda Korea Kusini, makao ya mfuko huo, wakapiga hodi. Hela inashuka kama maji ya mfereji wa Usangu: mfuko, taasisi yenye ithibati, wizara, mkoa, halmashauri, shirika, kikundi. Kila mlango wa maji una mtu, na kila mtu anataka karatasi.

Karatasi ya mwisho kabisa, ile ambayo ngazi zote za juu zinaiegemea, inaandikwa kwangu. Jirani na chipsi.

Lililoninyima usingizi zaidi nililigundua kwa bahati nikitafuta kitu kingine. NEMC, baraza ambalo tathmini za migodi zinapelekwa kwake, ndilo lililopata ithibati mwaka 2017 ya kupitisha hapa nchini fedha za Mfuko wa Kuhimili, ule uliozaliwa na Itifaki ya Kyoto. Yaani kibali cha mazingira na fedha za tabianchi, kwa sehemu, vinalala nyumba moja. Sioni ubaya wowote. Nilipolisoma nilipata hata tumaini. Mtu mmoja akikaa na mafaili yote mawili mezani, ataona kijito kimoja kina umbali wa aina mbili, atauliza.

Ila hayatakaa meza moja. La Baba Pendo, mwenye leseni, ni la uchimbaji mdogo, linakwenda njia yake. La Mama Tumaini linakwenda kwa shirika. Mahali pekee yalipowahi kukutana ni kwenye printa yangu.

Tepu ya fundi

Wiki tatu nilijiambia si kazi yangu. Wiki ya nne, Jumapili, nikaazima tepu ya mita 50 kwa fundi anayejenga nyuma ya duka, nikachukua bodaboda.

Mwalo unausikia kabla hujauona. Karasha linasaga mawe na vumbi jeupe limelala juu ya kila kitu: majani, migongo ya vijana, sufuria ya mama ntilie. Pembeni pamepangwa magogo ya matimba, ya miyombo na mitundu, yamekatwa urefu mmoja, yakisubiri kushuka duarani kuzuia kuta zisiangukie watu. Nikayahesabu mpaka 80 nikaacha. Kwenye kiolezo changu kuna sentensi inayosema "uoto wa asili utahifadhiwa kadiri iwezekanavyo."

Vijana wawili wakasimama waliponiona nafungua tepu.

"Wewe wa mazingira?"

"Mimi wa steshenari."

Wakacheka, mmoja akaja kunishikia ncha. Tukaanzia ukingo wa shimo la kuoshea, tukapita juu ya marundo ya marudio, ule mchanga unaobaki baada ya kuosha, tukashuka mpaka pale mchanga unapoanza kulowa.

Mita 34.

Nikamwambia aivute, tupime tena kwa kupita upande wa pili wa kichuguu. Thelathini na nne na nusu.

Kwa hiyo nilidanganya pande zote mbili. Baba Pendo nimemsukumia kijito nyuma, Mama Tumaini nimemvutia karibu, na kijito chenyewe kilikuwa kimetulia mahali pake bila habari na sisi.

Nilitarajia nikipata namba nitapata na amani. Haikuja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli zinazoweza kuharibu kingo za mto ndani ya mita 60, na 34 si 60, hilo halina mjadala. Lakini wakati nakunja tepu nikaona kitu kwenye shina la mtundu mmoja uliobaki, juu kidogo ya mwalo, upande wa mbali na kijito. Mstari wa tope, usawa wa goti. Umekauka, una nyasi zimenasa.

Nikamuuliza yule kijana, hii ni nini?

"Masika hiyo. Maji yanafika hapo."

"Na mwalo?"

"Mwalo unazama, bro. Tunahamisha mashine tu."

Tunahamisha mashine tu! Marudio yanabaki. Mvua moja nzuri inaosha kila kitu, inapeleka Lupa, Lupa inapeleka Rukwa. Karatasi zangu mbili zilikuwa zinagombania umbali wakati maji yenyewe hayasubiri ufike kwao, yanakuja. Na tunaoishi Mbeya hatuhitaji semina ya kutuambia mvua zimebadilika. Aprili 2024 tulilitazama tope la Mlima Kawetele lilivyofunika nyumba za watu Itezi.

Mstari ule wa tope haumo kwenye mpango. Haumo kwenye andiko. Ndio pekee ungemwambia mtu yeyote chochote.

Kifuniko cha soda

Nilikuwa naondoka niliposikia naitwa.

Mama Tumaini alikuwa amechuchumaa kwenye karai, kanga kiunoni, mikono imezama kwenye tope la kijivu mpaka viwikoni. Nilisahau hata kumwamkia. Yeye ndiye aliyenikumbusha kwa kunyamaza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetuletea majibu?"

Alikuwa na kichupa cha dawa ya macho. Akamimina zebaki kwenye kifuniko cha soda, ndicho kipimo, akaitupa kwenye karai, akaanza kukanda kwa kiganja kama mtu anayekanda unga wa chapati. Inachukua muda. Zebaki inatembea ndani ya tope, inakusanya punje za dhahabu ambazo jicho haliwezi kuziona, mpaka inakuwa donge zito la rangi ya fedha. Akalikamulia kwenye kitambaa, zebaki iliyozidi ikarudi kichupani, kikabaki kitu kidogo kama punje ya harage. Hicho ndicho kinachochomwa kwenye bati juu ya mkaa, moshi unaondoka na zebaki, dhahabu inabaki. Mkaa ulikuwa hatua tano kutoka kwa mama ntilie.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, ule uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliugua kwa kula samaki wenye zebaki. Mkataba unataja mambo manne kwa wachimbaji wadogo ambayo nchi inatakiwa kuyakomesha: kumimina zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa, kuchoma donge hadharani, kuchoma karibu na makazi, na kupeleka sayanaidi, kemikali ya sumu ya kutolea dhahabu iliyobaki, kwenye marudio ambayo zebaki haijatolewa. Kwa saa moja na nusu niliyokaa pale niliona matatu. La nne niliambiwa linafanyika mbele, kwenye mabwawa ya mwenye mtaji anayenunua marudio.

Chombo cha kunasa mvuke, ritoti, nimekiandika kwenye mipango yote 41. Pale mwaloni nilimuuliza kijana wa tepu kama kuna ritoti. Akaniuliza ni simu ya aina gani.

"Mama," nikasema, "si ndio hawa tuliowaandika kwenye andiko?"

Hakuacha kukanda. "Mimi ni mkulima wa masika, mwanangu. Kiangazi watoto wanakula nini? Mahindi yaliisha Agosti."

Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na kitu zenye watu wa aina mbili, wanaoharibu na wanaoharibiwa. Nikatafuta huyo wa aina ya pili pale mwaloni, nikamkuta ameshika kichupa cha wa kwanza.

Madini ya sumaku

Najua mtu ataniuliza, kwa nini unahangaika na karai la mama mmoja wakati kuna mambo makubwa. Kweli yapo. Mwaka 2023 serikali ilitoa leseni maalumu kwa ajili ya madini adimu ya Ngualla, upande wa Songwe, ikiwa na hisa zake asilimia 16. Hayo ndiyo madini ya sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Kwa hiyo dunia inayotuletea fedha za kupanda miti ndiyo inayohitaji tuchimbe ili nayo iache kuchoma mafuta. Niliwahi kuona ni unafiki. Siku hizi sina uhakika huo. Magari hayatajengwa kwa mizinga ya nyuki.

Ila mgodi wa ukubwa huo angalau unapewa watu wa kuutazama. Unasomwa, unapingwa, unaulizwa maswali Dodoma. Karai halisomwi na mtu.

"Hawaji"

Baba Pendo nilimfuata sokoni, siku aliyokuja kuuza. Tangu soko la madini la Chunya lifunguliwe 2019 mambo yamenyooka, unauza kwa mzani na risiti. Nikamsubiri mpaka amalize, nikamwambia namba.

"Thelathini na nne," akarudia. "Sasa unataka kuandika thelathini na nne?"

"Ndiyo ilivyo, Baba Pendo."

"Ukiandika thelathini na nne wananifungia."

"Na nikiandika sitini?"

"Hawaji."

Alisema bila hasira, kama mtu anayekutajia bei ya sukari. Kisha akanionyesha risiti. Mrabaha wa serikali asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1, ushuru wa huduma wa halmashauri asilimia 0.3. "Mimi nalipa," akasema. "Silalamiki. Lakini tangu nianze kulipa hajaja mtu kuniambia, Mzee, mwalo wako usogeze uweke pale, na bomba lipite hapa. Wewe wa steshenari ndiye wa kwanza kuja na tepu."

Tukakaa kwenye benchi la muuza kahawa tukapiga hesabu nyuma ya risiti yake. Kuhamishia mwalo juu, kupita ule mstari wa tope: mpira wa maji, mota yenye nguvu zaidi, mashimo mawili ya kutuamisha yaliyosakafiwa, kuhamisha karasha. Na ritoti mbili. Tukafika shilingi milioni 3 na laki kadhaa. Kwa mtu anayeuza gramu chache kwa wiki na kugawana na wenye duara, wenye karasha na wenye shamba, hiyo ni hela ya mwaka.

Akaniuliza, akina mama wameomba kiasi gani?

Nikamwambia, milioni 8.

"Kwa ajili ya?"

"Miche, mizinga na kisima."

"Hapo hapo mtoni?"

"Hapo hapo."

Alitazama kikombe chake muda mrefu. "Basi wataipanda miche, mimi nitaioshea zebaki."

Kesho yake nikawapigia simu wale wa shirika, nikajifanya nauliza kwa niaba ya kikundi. Je, sehemu ya fedha inaweza kutumika kuhamisha mwalo wa wachimbaji wadogo utoke kwenye chanzo cha maji? Dada wa upande wa pili alinijibu kwa upole sana kwamba fedha hizo hazifadhili shughuli za uchimbaji.

Nikamwambia si kuchimba, ni kuacha kuchimba hapo.

Akasema anaelewa, lakini kwenye fomu hakuna kipengele.

Simlaumu. Nami ni mtu wa fomu. Lakini tangu siku hiyo ndicho kinachonisumbua, kuliko hata uongo wangu wa mita. Kuna hela ya kupanda miti ukingoni mwa kijito. Kuna sheria ya kumfungia aliye ukingoni mwa kijito. Hela ya kumsogeza haipo upande wowote. Upande wa tabianchi yeye ni mchafuzi, upande wa madini yeye ni mlipa mrabaha, na zile mita 26 zinazobaki kati ya 34 na 60 hazina mwenyewe.

Kuna hoja ya upande wa pili, na nimeigeuza kichwani mara nyingi. Ukianza kuwalipa watu ili wahame mtoni, mwakani utakuta mialo kumi mipya mtoni ikisubiri kulipwa. Watu wetu ni werevu. Mimi mwenyewe ningewaandikia maandiko. Sina jibu zuri kwa hilo, ila naona pia kwamba tumeshalipa kwa namna nyingine: tunalipia miche itakayozama.

Foda jipya

Kiolezo nimekifuta. Niwe mkweli, nimekihamishia foda jingine, lakini sikiuzi. Sasa anayetaka Mpango wa Hifadhi namwambia 50,000 pamoja na nauli ya bodaboda, nakwenda kupima. Wateja wawili wamekubali. Saba wamevuka barabara kwenda kwa jirani, ambaye anafanya kwa 25,000, na ninajua anatumia kiolezo gani kwa sababu niliwahi kumwazima flashi. Nimekwenda kumwambia abadilishe angalau lile ziwa. Akasema ataliangalia.

Mpango wa Baba Pendo tumeuandika upya. Umeandikwa mita 34, umeandikwa mstari wa tope, umeandikwa kwamba mwalo utahamishwa kwa awamu mbili kabla ya masika ya mwakani. Alisaini baada ya kuusoma wote, kidole kikifuata mistari, akanisahihisha sehemu mbili. Bado hajaupeleka. Anasema anasubiri dhahabu itulie bei, na mimi simsukumi, kwa sababu wakimfungia sijui nitasema nini nikikutana na mkewe.

Kwa Mama Tumaini mambo yamekuwa magumu zaidi. Nilimwambia andiko lina kosa, turekebishe. Akauliza, tukirekebisha tutapata? Nikasema sijui. Akasema basi liache, mwanangu, Mungu anajua mahali kijito kilipo. Tukavutana. Mwishowe nikaandika barua fupi ya nyongeza: umbali ni mita 34, na baadhi ya wanakikundi nao hufanya kazi mwaloni wakati wa kiangazi, hivyo wanaomba kama inawezekana mafunzo ya ritoti yaongezwe mahali pa mizinga mitano. Aliipigia muhuri wa kikundi mwenyewe, kwa nguvu, kama anayemuua mende. "Ndaga fijo," akasema, asante sana, lakini hakuniangalia.

Majibu hayajaja. Mvua za kwanza zimeanza kunyesha upande wa Kipembawe.

Tepu ya fundi nayo bado iko kule kijijini. Niliiacha kwa yule kijana aliyenishikia ncha, akaniahidi ataileta Jumamosi, sasa zimepita Jumamosi tatu na fundi kila asubuhi ananichungulia dirishani. Jana nimesikia wanaitumia kupimia duara jipya.